Uchafu wa barabarani huloweshwa, hausuguliwi

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tujibu ushauri unaorudiwa kila kukicha katika kurasa za magari, kwamba gari lililogandwa na uchafu sugu dawa yake ni mafuta ya taa, sabuni ya unga na lile sponji lenye upande wa kijani wa kusugulia sufuria. Gari litatakata, hilo hatubishi. Litatakata siku hiyo. Miezi michache baadaye mwenyewe ataanza kuuliza mbona boneti imepauka, mbona jua likipiga paa anaona miduara myembamba kama utando wa buibui, naye atailaumu rangi ya kiwandani ilhali kazi ile aliifanya kwa mkono wake.

Tunaoandika ni mafundi wa rangi za magari, na tunalosema ni hili: uchafu sugu hautolewi kwa nguvu, hutolewa kwa muda na kwa dawa inayouyeyusha. Mkono huingia mwishoni, tena ukiwa mwepesi.

Kwanza kijulikane kinachosuguliwa. Kwenye gari la kisasa lenye rangi ya kiwandani, tabaka zote kwa pamoja, kuanzia ile inayokinga bati lisishike kutu, kisha praima, kisha rangi yenyewe, hadi klia, lile tabaka angavu la juu, kwa kawaida huwa na unene wa mikroni 100 hadi 150 (mikroni 1,000 ni milimita moja). Klia peke yake ni kama mikroni 35 hadi 50, na unywele wa kichwani una mikroni 70 hivi. Kwa hiyo kile kinacholipa gari mng'ao, na kinachozuia rangi isiliwe na jua, ni chembamba kuliko unywele. Tena klia kimsingi ni aina ya plastiki, wakati mchanga uliomo ndani ya vumbi la barabarani ni mgumu kuliko kioo cha dirisha. Ukiweka kitambaa juu ya vumbi hilo na kukandamiza, umetengeneza msasa. Haijalishi kitambaa ni laini kiasi gani.

Pili, neno "uchafu" linaficha mambo mengi. Pitisha kidole sehemu ya chini ya mlango wa nyuma wa gari lililotembea wiki mbili bila kuoshwa. Kwanza utahisi vumbi legevu. Chini ya vumbi kuna utando wa kijivu unaoteleza kidogo, na huo ni masizi ya moshi wa dizeli, mafuta yaliyodondoka barabarani na unga wa mpira wa tairi, vyote vimeshikana. Ukiendelea kupapasa utakuta vidoti vyeusi vigumu vya lami, hasa nyuma ya magurudumu. Kisha kuna ukwaruukwaru usioonekana kwa macho, ambao mara nyingi ni chembe za chuma kutoka kwenye breki zilizojichimbia kwenye klia. Mbele kabisa, kwenye bampa na boneti, kuna mizoga ya wadudu. Vitu hivi havitolewi na kitu kimoja. Sabuni haiyeyushi lami, dawa ya lami haigusi chuma, na dawa ya chuma haijali mafuta. Anayekosa dawa sahihi huishia kuongeza nguvu, na hapo ndipo rangi inapoharibika.

Tuseme sasa jinsi ya kufanya. Gari liwe kivulini na bodi iwe imepoa. Bati la gari jeusi lililopigwa na jua kali huweza kupita nyuzi 70 za sentigredi, na dawa yoyote ukiipuliza hapo hukauka kabla haijafanya kazi, ikaacha madoa magumu kuliko uchafu uliokuwa unautoa. Weka mgongo wa kiganja kwenye boneti. Ukishindwa kuutuliza hapo kwa sekunde tano, subiri.

Anza na magurudumu, kwa ndoo yake na brashi yake. Ndoo hiyo isiguse bodi kamwe, kwa kuwa unga wa breki umejaa chembe za chuma. Halafu suuza gari zima kwa maji mengi. Ukitumia mashine ya presha, tumia noza inayotawanya maji kama feni, ya nyuzi 25 au 40, na usiisogeze karibu zaidi ya sentimita 30. Ile noza ya ncha moja ya nyuzi sifuri iache kwenye kisanduku chake. Mahali ambapo jiwe limeshabandua rangi kidogo, au ambapo klia imeanza kunyanyuka ukingoni, presha huingia chini yake na kulichana tabaka kama ganda la kitunguu. Sehemu hizo zioshwe kwa mpira wa kawaida. Pembe za stika na mipira ya milango vilevile.

Baada ya kusuuza, watu wengi hushangaa kuona gari bado lina ukungu wa kijivu. Presha imepita yote, maji yametoka meusi, lakini ukipitisha kidole bado kinaacha mstari. Sababu ni kwamba maji yanapokimbia juu ya bati, sehemu yake inayogusa rangi kabisa karibu haisogei, na chembe za ule utando ni ndogo mno kiasi cha kulala ndani ya sehemu hiyo tulivu. Kuongeza presha hakusaidii sana. Kinachosaidia ni dawa ya kulowesha, yaani ile ya alkali inayouzwa kwa ajili ya kutoa utando wa barabarani, au povu zito la kuloweshea kabla ya kuosha.

Hatua hii ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote, na ndiyo inayorukwa. Changanya dawa kwa kipimo cha lebo. Nyingi huwa kati ya sehemu 1 ya dawa kwa 10 za maji, kwa gari lililochakaa kwa uchafu, na sehemu 1 kwa 50 kwa gari la kawaida. Lita moja hadi moja na nusu ya mchanganyiko hutosha gari dogo. Kama huna mashine ya povu, bomba la mkono la kupulizia maua linafaa kabisa, mradi halijawahi kuwekwa dawa ya magugu. Puliza ukianzia chini kwenda juu: chini ndiko kwenye uchafu mwingi, kwa hiyo dawa ipate muda mrefu zaidi huko, na pia haiachi michirizi kwenye bati kavu. Acha dakika tatu hadi tano. Utaona povu linabadilika kuwa la kahawia na kuanza kuteremka lenyewe likibeba uchafu. Likianza kukauka, suuza mara moja hata kama dakika hazijatimia. Kisha suuza hadi maji yanayodondoka kwenye ukingo wa chini wa mlango yawe meupe.

Tahadhari moja kuhusu dawa hizi. Zilizo kali mno, zile zinazotengenezwa kwa ajili ya matrela na mashine, zina alkali inayoweza kuifanya aluminiamu isiyopakwa rangi kuwa nyeupe kama chaki, na vipande vya mapambo vinavyozunguka madirisha hupata madoa yasiyotoka. Zinaondoa pia nta yote iliyopakwa kukinga rangi. Usizitumie kila wiki kwenye gari dogo, na vaa glovu za mpira.

Sasa ndipo mkono unaporuhusiwa. Andaa ndoo mbili za lita 15 hivi, moja ya maji ya shampuu na nyingine ya maji matupu ya kusuuzia. Ukiweza kupata kile kitako cha plastiki chenye matundu kinachokaa chini ya ndoo, kiweke katika zote mbili, ili mchanga ukishazama usitibuliwe tena. Shampuu iwe ya gari na kipimo kiwe cha lebo. Lebo ikisema mililita 30 kwa lita 10, ni 30. Kuongeza maradufu hakusafishi maradufu, kunaacha utando wa sabuni tu. Tumia glovu ya kuoshea ya mikrofaiba au ya manyoya ya kondoo. Nyuzi zake ndefu humeza mchanga ukaingia ndani, wakati sponji la kawaida lina uso bapa unaouburuza mchanga juu ya rangi. Anza paa, shuka kwenye boneti, buti, nusu ya juu ya milango, na mwisho kabisa bampa na sehemu za chini. Kila baada ya nusu ya mlango, tia glovu kwenye ndoo ya kusuuzia, isugue kwenye kitako, ikamue, ndipo urudi kwenye shampuu. Glovu ikianguka chini, usiikung'ute ukaendelea. Ina mchanga. Chukua nyingine.

Osha kwa mistari iliyonyooka, ukifuata urefu wa gari. Si kwamba mstari ulionyooka haukwaruzi. Ni kwamba mkwaruzo ulionyooka huonekana kutoka upande mmoja wa mwanga, wakati wa duara huonekana kutoka kila upande.

Kuhusu sabuni za nyumbani, tuwe wa haki. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo haitababua rangi ukiitumia mara moja. Inachofanya ni kuondoa nta na kukausha mipira na plastiki nyeusi ikitumiwa mara kwa mara, na haina utelezi wa kutosha wa kubeba mchanga. Sabuni ya unga ni mbaya zaidi, kwa kuwa ina alkali nyingi, baadhi zina viambato vya kung'arisha nguo, na punje ambazo hazijayeyuka huwa msasa mwingine juu ya ule mliokuwa nao.

Gari likishaoshwa hivyo, mengi yatakuwa yameondoka. Yaliyobaki ndiyo sugu kwelikweli, na kila moja linashughulikiwa peke yake.

Lami. Hapa ndipo mafuta ya taa yalipopatia umaarufu, na ni kweli yanaiyeyusha. Tatizo lake ni kwamba yanaacha utando wa mafuta unaokamata vumbi, yanavimbisha mipira ya milango, na kwa kuwa yanafanya kazi polepole watu husaidia kwa kusugua. Petroli ni hatari tupu: mvuke wake unashika moto kwa cheche ndogo tu, na inakauka upesi mno kiasi kwamba lami haipati muda wa kulainika. Thina isitajwe kabisa karibu na rangi iliyokamilika. Kwenye rangi iliyopigwa upya, hasa ile isiyochanganywa na hadina, yaani dawa ya kuigandisha rangi, thina huifanya rangi ilainike na kutoka na kitambaa ndani ya sekunde chache.

Tumia dawa ya lami inayotengenezwa kwa ajili ya rangi ya gari, ama ya viyeyushi vilivyosafishwa kutoka mafuta ghafi, ama ya mafuta ya maganda ya machungwa. Gari liwe limekauka hapo unapotaka kutibu, kwa sababu maji huizuia dawa kuifikia lami. Puliza kidogo juu ya vidoti, halafu tulia. Ukisogeza uso karibu utaona kidoti cheusi kinaanza kulia, machozi ya rangi ya chai yanateremka mlangoni. Hiyo ni lami inayeyuka. Baada ya dakika moja hadi tatu, gusa kwa kitambaa laini cha mikrofaiba, kipitishe mara moja bila kukandamiza, na ugeuze upande safi wa kitambaa kila mara, maana lami iliyokwama kwenye kitambaa huwa na vijiwe ndani yake. Kidoti kikubwa kisichotoka, puliza tena. Mara tatu za kungoja ni bora kuliko mara moja ya kukwangua kwa kucha. Ukimaliza, osha sehemu hiyo kwa shampuu ili dawa isibaki. Usiipulize kwenye taa za plastiki, kwenye mipira, wala kwenye karatasi ya kinga iliyobandikwa juu ya rangi.

Kama dawa hiyo haipatikani, mafuta ya kupikia yanafanya kazi kwa uvivu. Lowesha kitambaa, kilaze juu ya kidoti kwa dakika 15 au zaidi, futa, rudia, kisha osha mafuta yote kwa shampuu. Inachosha, lakini haiharibu.

Chembe za chuma huonekana vizuri kwenye gari jeupe, kama vidoti vya rangi ya chungwa vilivyotapakaa nyuma ya magurudumu na kwenye buti. Wengi hudhani bati limeanza kutoboka. Bado. Ni unga wa breki unaopata kutu juu ya klia. Dawa yake ni ile inayogeuka zambarau inapokutana na chuma, na ina harufu kali inayofanana na dawa za saluni za kukunja nywele, kwa kuwa kiambato chake ni cha jamii hiyohiyo. Puliza kwenye bodi iliyopoa, ngoja dakika tatu hadi tano, tazama michirizi ya zambarau ikishuka, kisha suuza kwa maji mengi. Isikaukie kwenye rangi, na fanya mahali penye hewa. Tunapendekeza itangulie lami, ifuate hii, kwa sababu lami huwa imefunika baadhi ya chembe.

Baada ya hapo fanya kipimo hiki: ingiza mkono ndani ya mfuko mwembamba wa plastiki na upapase boneti iliyo safi na yenye maji. Plastiki hukuza hisia ya vidole. Ikiwa ni laini kama kioo, kazi imekwisha, usiongeze lolote. Ikiwa bado inakwaruza kama ngozi iliyosisimka kwa baridi, kuna vitu vilivyojishikiza ambavyo dawa haikuvifikia, na hapo ndipo unapotumika ule udongo maalumu wa kusafishia rangi, donge laini linalokandika.

Udongo huu hupendwa sana na wanaoanza, na ndio unaowaumiza. Chukua aina laini kabisa. Kata kipande cha gramu 50 hivi, kikande hadi kiwe bapa na kitoshe vidole vitatu au vinne. Fanyia kazi eneo la sentimita 50 kwa 50, si zaidi. Loweka eneo hilo kwa dawa ya utelezi iliyotajwa na mtengenezaji wa udongo, kiasi kwamba kipande kinaelea. Kipitishe kwa mistari mifupi, uzito ukiwa ule wa vidole vyenyewe tu. Mwanzoni utakisikia kinasaga na kukwamakwama. Baada ya kupita mara kadhaa sauti inakufa na kipande kinateleza. Simama hapo. Kitazame: kutakuwa na weusi usoni. Kunja, kanda, fungua upande safi, endelea na eneo linalofuata.

Makosa yake ni manne na yote yanaacha alama: kukandamiza, kukitumia kikavu, kukitumia kwenye gari ambalo halijaoshwa, na kuokota kipande kilichoanguka chini. Kikianguka, kitupe. Hakuna namna ya kukiosha, mchanga umeshazama ndani yake. Kwenye rangi nyeusi au ya buluu iliyokolea, hata ukifanya sawasawa kinaweza kuacha ukungu mwepesi unaohitaji polishi laini, kwa hiyo jaribu kwanza kieneo kidogo. Mara moja au mbili kwa mwaka zinatosha. Na gari lenye rangi isiyong'aa, ile ya mati, lisiguswe kwa udongo wala polishi, maana litang'aa kwa mabakamabaka na hakuna njia ya kulirudisha ila kupaka upya.

Wadudu na kinyesi cha ndege ni suala la saa, si la nguvu. Vyote viwili huichimba klia, na jua huharakisha: klia hutanuka kwa joto na kusinyaa jioni ikiwa imeukumbatia uchafu. Lowesha kitambaa kwa maji ya shampuu, kilaze juu yake dakika tano hadi kumi, kisha nyanyua kama unayeokota, usiburute. Kinyesi cha ndege mara nyingi kina mbegu na mchanga ndani. Utomvu wa miti mgumu huloweshwa kwa spiriti ya asilimia 70 kwenye kitambaa, nusu dakika kwa wakati mmoja, kisha maji. Usiutumie mchezo huo kwenye rangi iliyopigwa majuzi.

Madoa meupe ya maji ya chumvichumvi hayatoki kwa shampuu kwa sababu ni madini. Siki nyeupe, nusu kwa nusu na maji safi, dakika moja au mbili, suuza. Ikiwa doa limebaki kama kovu linaloonekana lakini halihisiki kwa kidole, tayari klia imechimbika na hiyo ni kazi ya polishi. Siki isichanganywe na dawa yenye klorini, hutoa gesi inayoumiza mapafu.

Kuna vitu vitatu ambavyo tunavisikia kila mara na hatuna neno jema kwavyo: dawa ya meno, magadi ya kuokea yaliyokorogwa kama uji, na lile sponji jeupe linalofuta madoa ukutani. Viwili vya kwanza vina chembe za kusagia ambazo hujui ukubwa wake. La tatu ni msasa mwembamba sana wenye sura ya upole. Linafuta doa kwa kulisaga, na likikutana na klia huifanya ifubae mara moja.

Polishi yenyewe tunaitaja kwa kifupi kwa makusudi. Haisafishi uchafu, inapunguza klia, hata kama ni kwa mikroni chache tu. Klia ya mikroni 40 haina akiba kubwa, na kwenye kingo na mikunjo ya bodi huwa nyembamba zaidi. Fundi anayeanza kwa mashine ya polishi kabla ya kulowesha, anautumia mtaji wa gari kulipa deni la uvivu wake.

Kukausha pia huleta mikwaruzo. Acha maji yatiririke kwanza: toa noza, miminia maji taratibu kutoka paani, mengi yataondoka yenyewe. Kisha laza taulo pana la mikrofaiba na ulivute polepole, au ligandamize na kulinyanyua. Taulo hilo lifuliwe peke yake, bila dawa ya kulainisha nguo, ambayo huziba nyuzi zikakataa kunywa maji. Kata lebo iliyoshonwa pembeni, ina uzi mgumu.

Ukikausha, weka nta au kinga yoyote. Kama unatumia nta ya kawaida, tegemea wiki 6 hadi 12 kutegemea jua na mvua. Kinga zinazotengenezwa maabara huenda miezi 4 hadi 6. Kupaka nene hakuongezi siku, hufanya tu kazi ya kuifuta iwe ngumu. Faida yake utaiona safari inayofuata: ule utando wa kijivu utashika juu ya nta badala ya klia, na povu la dakika tatu litatosha.

Mwisho, magari yasiyofuata kanuni hizi moja kwa moja. Gari la zamani lenye rangi isiyo na klia litaacha rangi kwenye kitambaa hata ukigusa kwa upole. Hilo si lazima liwe kosa lako, ni tabaka la juu lililooza kwa jua linatoka, lakini punguza mkono zaidi. Gari lililopakwa upya gereji lina viyeyushi vinavyoendelea kutoka kwenye rangi kwa wiki kadhaa baada ya rangi kuonekana kavu. Katika kipindi hicho lioshwe kwa maji baridi na shampuu hafifu tu: bila dawa ya lami, bila dawa ya chuma, bila udongo. Nta isubiri siku 30 hadi 90, kama mtengenezaji wa rangi alivyoelekeza, na rangi iliyokaushwa kwa hewa isubiri zaidi ya ile iliyopikwa kwenye tanuri. Akitua ndege juu ya gari hilo wiki ya kwanza, maji yapelekwe saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Wenu,
Mafundi wa rangi za magari